Mbwa Aliyeumia Njiani: Namna ya Kumsaidia Bila Kujidhuru

Wasomaji wetu wengi ni wakulima na wafugaji, nao wajua sana jinsi ya kumwuguza ng'ombe aliyevunjika mguu au mbuzi aliyeshindwa kuzaa. Walakini tukiwauliza habari ya mbwa asiye na mwenyewe, aliyegongwa na gari akalala kando ya njia akilia, wengi hutujibu kwa kicheko. Husema, "Mbwa koko ana nani?" Swali hilo ndilo tunalotaka kulijibu leo, kwa sababu tumeliona likileta msiba mlangoni pa mtu tunayemjua. Twawaomba walimu wawasomee watoto somo hili shuleni, na wakubwa wa vijiji walizungumze barazani.

MBWA WA KWANZA

Jioni moja ya masika, tulipokuwa tukitoka kazini, tulikuta watu wamekusanyika penye njia panda karibu na soko. Lori lililochukua mahindi lilikuwa limemgonga mbwa jike mwekundu, ambaye kila mtu wa soko alimjua kwa sura, wala hapana aliyemjua kwa jina. Mguu wake mmoja wa nyuma ulikuwa umevunjika, naye alikuwa akijikokota kwa miguu ya mbele ili atoke barabarani. Wavulana walikwisha kuokota mawe. Wengine walikuwa wakicheka. Sisi nasi tulikuwapo, tumevaa viatu na kalamu mfukoni, na twaona haya kusema ya kuwa hatukufanya neno lo lote ila kutazama.

Msichana mmoja wa darasa la nne akapenya katikati ya watu. Ilikuwa desturi yake kumtupia mbwa yule makombo ya mihogo. Akachutama, akampelekea mkono kichwani ili ampapase, akimwambia, "Pole, pole." Mbwa akamwuma, akamtoboa kiganja. Hapo watu wakapiga kelele, mawe yakarushwa, na kwa dakika chache mbwa alikuwa amekufa. Mzoga wake ukatupwa katika shimo la takataka, ukamwagiwa mafuta ya taa, ukatiwa moto. Watu wakaenda zao, wakidhani shauri limekwisha.

Kumbe ndipo lilipoanza. Usiku ule baba yake msichana alimfunga mkono kwa kitambaa tu, wala hakuuosha. Asubuhi walipofika zahanati, tabibu aliuliza maswali matatu: Mbwa yuko wapi? Mwenyewe ni nani? Amechanjwa? Hapana aliyeweza kujibu hata moja. Tabibu akasema, "Basi, hatuwezi kujua kama alikuwa na kichaa, au aliuma kwa uchungu tu. Yatupasa tufanye kana kwamba alikuwa nacho." Zahanati haikuwa na dawa hiyo. Baba akauza mbuzi wawili, akampeleka mtoto hospitali ya wilaya kwa basi, akarudi tena, na tena, mpaka sindano zilipotimia.

Mtoto ni mzima, twamshukuru Mungu. Lakini kwa muda wa miezi mitatu mama yake alikuwa akiamka usiku, akampa kikombe cha maji, akamtazama kama aweza kumeza. Siku moja alitukuta njiani akatuuliza, "Ndugu zangu, ninyi mlikuwapo. Mbwa yule alikuwaje? Alitokwa na mate mengi? Aliuma watu wengine?" Nasi hatukuwa na jibu. Tulikuwa tumetazama ghasia, hatukumtazama mbwa.

Tangu siku ile tulianza kuwauliza madaktari wa wanyama na wa watu, na haya tunayoyaandika ndiyo tuliyojifunza.

KWA NINI MBWA ALIYEUMIA HUUMA

Mtu akivunjika mguu huweza kuambiwa, "Vumilia, twakusaidia," naye akaelewa. Mbwa haambiwi. Ajua kwamba ana maumivu makali, kwamba hawezi kukimbia, na kwamba watu wamemzunguka. Silaha aliyobakiwa nayo ni meno. Hata mbwa uliyemlea tangu alipokuwa mtoto aweza kukuuma siku aliyoumia, wala si utovu wa shukrani. Basi tusimhukumu kuwa ana kichaa kwa sababu ameuma tu. Wala tusimwamini kuwa hana kwa sababu ametulia.

Kabla ya kumkaribia, simama mbali kama hatua kumi umtazame vizuri. Mbwa aliyelaza masikio, aliyeonyesha meno, aliyesimamisha nywele za mgongoni, au aliyekaza mwili mzima huku macho yakikufuata, huyo atauma ukimsogelea. Usimkazie macho, usimwinamie kwa juu, wala usimpelekee mkono usoni. Msichana yule alifanya la mwisho, na alilifanya kwa huruma.

HABARI YA KICHAA CHA MBWA

Ugonjwa huu hukaa katika mate ya mnyama mgonjwa, nao huingia kwa mtu kwa njia ya jino, kwa mkwaruzo, au mate yakigusa kidonda, jicho au kinywa. Kwa kawaida hujificha mwilini mwa mtu mwezi mmoja hata mitatu, na mara chache chini ya wiki moja au zaidi ya mwaka. Hapo ndipo penye nafasi ya kumwokoa. Dalili zikikwisha kuonekana, mgonjwa hufa karibu siku zote, hata akiwa katika hospitali kubwa kuliko zote. Huhesabiwa ya kuwa watu wapatao 59,000 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka duniani, wengi wao katika Asia na Afrika, na watu wanne katika kila kumi ni watoto wasiotimiza miaka 15. Karibu wote huupata kwa mbwa.

Dawa ya kuuzuia si jambo jipya. Tarehe 6 Julai 1885, mjini Paris, mwanachuoni Mfaransa Louis Pasteur alisimamia kutiwa sindano kwa mtoto wa miaka 9, jina lake Joseph Meister, aliyekuwa ameumwa mara nyingi na mbwa mwenye kichaa. Mtoto yule hakuugua. Pasteur alifariki tarehe 28 Septemba 1895, na tarehe hiyo imekuwa Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, ambayo mahali pengi hutumiwa kuchanja mbwa.

Mbwa mwenye kichaa hubadilika tabia. Aliyekuwa mpole huwa mkali, na aliyekuwa mkali huweza kuwa kama mlevi. Huuma bila kuchokozwa, huuma hata miti na mawe, sauti yake hugeuka, mate humtoka, hutembea kwa kupepesuka, kisha hupooza akafa. Iko namna nyingine ya ugonjwa huu iliyo ya kimya, nayo hudanganya watu wengi. Mbwa huketi peke yake, taya la chini limelegea, hawezi kumeza. Mwenye huruma hudhani amekwamwa na mfupa kooni, akatia mkono kinywani autoe. Tafadhali, msifanye hivyo kamwe. Mbwa asiyeweza kufunga kinywa asikaribiwe na mtu ye yote ila mtaalamu.

MAMBO YA KUTENDA

1. Waondoe watoto kwanza. Mtoto akimwona mbwa aliyeumia, kazi yake ni moja: kumwita mtu mzima. Wafundisheni hivyo shuleni, wala msiwafundishe kumchukia mbwa.

2. Zuia mawe na kelele. Kila jiwe linalorushwa humwongezea mbwa hofu, na hofu huongeza hatari ya kila mtu aliye karibu. Kama yuko barabarani, mtu mmoja asimame mbali kidogo awaonye wenye magari na pikipiki.

3. Piga simu kwa afisa mifugo wa kata, ambaye wengi wetu humwita Bwana Mifugo. Mweleze mahali, jinsi alivyoumia, kama ameuma mtu, na kama umeona dalili zo zote tulizozitaja.

4. Kama dalili za kichaa zipo, usimguse. Mlinde kwa mbali asitoroke, ukamngojee Bwana Mifugo.

5. Kama dalili hazipo, na hapana budi kumhamisha, wafanye kazi hiyo watu wazima wawili, wamevaa glavu au wamezungushia mikono vitambaa vinene. Mtupieni blanketi au gunia juu ya mwili na kichwa, giza humtuliza. Kisha fungeni mdomo kwa kitambaa kirefu kama mita moja: kitanzi kipite juu ya pua, kikazwe, kipelekwe chini ya taya kikafungwe, halafu ncha zake zifungwe nyuma ya masikio kwa fundo la kufunguka upesi. Lakini mbwa anayetapika, anayehema kwa shida, au aliyeumia taya, asifungwe mdomo, maana atakufa kwa kukosa pumzi.

6. Kama damu yatoka nyingi, kandamiza kidonda kwa kitambaa safi kwa dakika kumi bila kuchungulia. Damu ikipenya, ongeza kitambaa kingine juu yake. Usikaze kamba mguuni.

7. Mguu uliovunjika usinyoshwe. Mwacheni alivyo, mmsukume taratibu juu ya ubao au mlango wa zamani, mbebeni kama mgonjwa juu ya machela. Huenda mgongo nao umeumia, na kumvuta kwa miguu kutamharibu kabisa.

8. Mwekeni kivulini. Kama ana fahamu, mwekeeni maji katika chombo kipana, mkikisukuma kwa fimbo. Msimnyweshe kwa nguvu, wala msimpe chakula mpaka daktari aseme, kwa maana huenda akahitaji dawa ya usingizi.

9. Msimpe vidonge vya watu. Dawa za maumivu tunazonunua dukani zaweza kuharibu tumbo la mbwa, figo zake au ini lake. Wala msimpake oili ya gari, mafuta ya taa, wala maji ya betri. Tumeona mengi ya namna hii yakifanywa kwa nia njema, na ngozi ya mbwa ikichunika yote.

Bwana Mifugo afikapo atamtazama ufizi. Ufizi wa mbwa mzima ni mwekundu hafifu, na ukiubonyeza kwa kidole ukageuka mweupe, wekundu hurudi kwa muda wa sekunde mbili. Ufizi mweupe kama karatasi ni alama ya kupotea damu nyingi, pengine ndani ya tumbo pasipoonekana. Atapima joto pia, ambalo kwa mbwa mzima ni kati ya digrii 38 na 39, yaani zaidi kidogo ya letu. Kisha atasema kama yamkini kutibiwa hapo, au apelekwe kwa daktari wa wanyama mjini, kama vile hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro.

Twasema kweli pia: si kila mbwa huponywa. Mbwa aweza kuishi vizuri kwa miguu mitatu, nasi tumewaona. Lakini yuko ambaye maumivu yake hayana mwisho, na huyo daktari humlaza kwa sindano asiamke. Tendo hilo ni huruma, nalo ni mbali sana na mawe ya njia panda.

MTU AKIUMWA

Aoshe jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, kwa muda wa dakika 15 kamili. Atazame saa, maana dakika 15 ni ndefu kuliko watu wanavyodhani. Kisha aende zahanati au hospitali siku ile ile, asingoje. Jeraha lisipakwe kahawa, majivu wala pilipili. Akianzishiwa sindano, azimalize zote kwa siku alizopangiwa na tabibu.

Na mbwa je? Huyu ni shahidi, naye shahidi hauawi. Kama yawezekana bila hatari, afungiwe mahali pa salama chini ya uangalizi wa Bwana Mifugo kwa siku kumi. Mbwa aliyekuwa na ugonjwa katika mate yake siku aliyouma huonyesha dalili au kufa katika muda huo. Akiwa mzima baada ya siku kumi, tabibu aweza kukatisha sindano zilizobaki. Mbwa akifa au akiuawa, mzoga usichomwe wala usizikwe kabla Bwana Mifugo hajaarifiwa, kwa kuwa ubongo waweza kupimwa. Lile shimo la takataka ndilo lililoteketeza jibu ambalo mama yule alilitafuta kwa miezi mitatu.

MBWA WA PILI

Kiangazi kilichofuata, saa nne asubuhi, mbwa dume mweusi aliingia katika kiwanja cha shule akilegea. Waya wa mtego ulikuwa umemzunguka kiuno, umezama katika nyama, na kidonda kilikuwa na funza. Watoto wakaanza kukimbilia madirishani. Mwalimu Mkuu aliwaamuru wakae darasani, akafunga milango, akapiga simu kwa Bwana Mifugo, kisha akatupelekea habari ofisini.

Tulipofika tulimkuta amesimama mbali, ameshika daftari. Akatwambia, "Nimemsukumia beseni la maji kwa ufito. Amekunywa, amemeza. Taya lake ni zima. Hajajaribu kuuma." Maneno yale machache yalitufundisha zaidi ya vitabu, kwa kuwa ndiyo tuliyokosa kumwambia mama yule.

Bwana Mifugo alikuja kwa pikipiki, akavaa glavu. Tukatupa gunia, akafunga mdomo kwa kitambaa, akampiga sindano ya kutuliza, akakata waya kwa koleo. Alimtoa funza mmoja mmoja, akasafisha kidonda kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yaliyotiwa kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa kila nusu lita. Akatia dawa, akampiga sindano ya kuua vijidudu, akaagiza afungwe chini ya mwembe ndani ya ua wa miti kwa siku kumi, mtu asimguse ila yeye na Mwalimu.

Hapo akajitokeza yule msichana, ambaye sasa yu darasa la tano, mwenye kovu kiganjani. Akamwambia Mwalimu, "Shikamoo Mwalimu. Mimi sitamgusa. Nataka kuandika." Basi kila asubuhi alisimama nje ya ua akaandika: Leo amekunywa. Leo amekula ugali. Leo ameinuka. Leo amebweka.

Siku ya nne bibi mmoja wa ng'ambo ya mto alifika shuleni akiuliza kama wamemwona mbwa wake, Simba, aliyemlindia mbuzi. Mbwa alipomsikia sauti akatikisa mkia mpaka ua ukatikisika. Sisi sote tulikuwa tumemwita mbwa koko. Bibi hakuwa na fedha za dawa. Mwalimu, sisi na wazee wawili tulichanga, na Bibi akaleta mayai sita, akakataa kurudi nayo. Siku ya kumi na moja Simba alichanjwa, akaenda kwao.

MASHAKA YA WATU

Wengine watauliza, "Watu wenyewe hawana dawa, mbwa atapewaje?" Ni swali la haki, wala hatulidharau. Lakini mambo ya kwanza tuliyoyataja, yaani kuzuia mawe, kuwaondoa watoto, kuweka maji, kupiga simu, hayagharimu karibu kitu. Na tukumbuke mbuzi wawili waliouzwa. Sindano za mtu mmoja aliyeumwa hugharimu fedha nyingi kupita chanjo za mbwa wengi. Asiyeziba ufa hujenga ukuta.

Ndugu zetu Waislamu wengine huogopa unajisi. Tulimwuliza shehe mmoja wa mji wetu, akatwambia ya kuwa mate ya mbwa ni najisi, na kilichoguswa nayo huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Lakini najisi huondoka kwa kuoshwa, na hapana dhambi kumhurumia mnyama. Akatukumbusha habari, inayojulikana na kila mwanachuo wa madrasa, ya mtu aliyesamehewa dhambi kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu. Mwenye glavu na mwenye gunia hawana sababu ya kuogopa.

Wengine husema, "Dawa ni kuwaua mbwa koko wote, tupumzike." Jambo hili limejaribiwa katika nchi nyingi, wala kichaa hakikukoma. Mbwa wakiuawa, wengine huja mahali pao au huzaliwa upesi, nao hawajachanjwa. Na mara nyingi wanaouawa ni wale waliokwisha kuchanjwa. Tena wataalamu waliochunguza vijiji vya Tanzania wameona ya kuwa mbwa wengi wanaozurura wana wenyewe, kama Simba.

Lililofaa ni chanjo. Katika Wilaya ya Serengeti, mkoa wa Mara, wataalamu walianza mwaka 1996 kuwachanja mbwa wa vijijini kwa wingi. Kichaa kikapungua sana kati ya mbwa, na hesabu ya watu walioumwa na mbwa wa kushukiwa ikapungua pia. Kanuni yake ni hii: mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa kila mwaka, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Mashirika makubwa ya dunia yamekusudia ya kuwa ifikapo 2030 asife tena mtu kwa kichaa kitokacho kwa mbwa.

KAZI YA WAKUBWA WA KIJIJI

Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya Tanzania, ya mwaka 2008, imekataza kumtesa mnyama, na mbwa yumo. Lakini sheria iliyo mjini haizuii jiwe lililo mkononi mwa mvulana kijijini. Kwa hiyo twawaomba wenyeviti, watendaji na wazee wafanye mambo haya:

Kwanza, namba ya simu ya Bwana Mifugo iandikwe kwa herufi kubwa mlangoni pa ofisi, shuleni na dukani. Pili, kila kitongoji kichague watu wazima wawili watakaofundishwa na Bwana Mifugo kumkamata mbwa kwa salama, wawe na gunia, glavu na kamba. Tatu, siku ya chanjo itangazwe mapema, misikitini, makanisani na sokoni, na mtu asimpeleke mbwa kwa kumwachia mtoto mdogo. Nne, wenye mbwa waulize habari ya kuwahasi, ili wasizaliwe wengi wasio na mlezi. Tano, mifupa na matumbo ya machinjioni yafukiwe, maana ndiyo yanayowakusanya mbwa penye magari.

Hayo ndiyo majibu yetu kwa swali tulilolianza. Mbwa koko ana nani? Ana sisi, siku anapokuwa mzima, na zaidi siku anapoumia. Kwa sababu uchungu wake ukimpata njiani peke yake, huweza kuingia nyumbani kwa mtu kwa njia ya mkono wa mtoto. Lile daftari la msichana limewekwa katika kabati la shule. Ukurasa wa mwisho umeandikwa: Leo Simba amekwenda kwao. Hakumwuma mtu.

MASWALI KWA SHULE

1. Kwa nini mbwa aliyeumia huweza kumwuma hata mtu anayempenda?
2. Mtoto akimwona mbwa amegongwa na gari, afanye nini?
3. Jeraha la meno ya mbwa huoshwa kwa nini, na kwa muda gani?
4. Kwa nini mbwa aliyeuma asiuawe wala kuchomwa haraka?
5. Taja dalili tatu za kichaa cha mbwa, na moja ya namna ile ya kimya.
6. Katika mbwa 200 wa kijiji, ni wangapi wapaswa kuchanjwa kila mwaka ili ugonjwa ukose njia?